Kubuni Chambo Bandia cha Samoni Kinachoiga Mwendo wa Samaki Wadogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwa ajili ya mtu anayetaka kuchonga, kukunja au kuchapisha chambo chake mwenyewe cha samoni badala ya kununua kilichokwisha kutengenezwa. Majibu hayakulinganishwa kwa urefu, kwa kuwa mambo yenyewe hayana uzito sawa: suala la mwendo limepewa nafasi kubwa, na suala la rangi, ambalo wavuvi hulijadili kuliko yote, limepewa nafasi ninayoamini kuwa linastahili.

Samoni hukitambua chambo kwa umbo, kwa rangi au kwa mwendo?

Kwa vyote vitatu, lakini si kwa wakati mmoja. Kwa mbali samoni huona mng'aro unaowaka na kuzimika, na mng'aro huo ni zao la mwendo. Akisogea, hupata umbo na ukubwa. Akiwa karibu zaidi, kwa umbali wa kadiri ya urefu wa mwili wake mara moja au mbili, mstari wa ubavuni huanza kumpa habari. Mstari huo ni mfereji mwembamba unaopita chini ya magamba kutoka kichwani hadi mkiani, nao una vinyweleo vya hisi vinavyopinda pindi maji yanaposukumwa. Hupokea mitikisiko ya polepole, hasa ile isiyozidi mara 100 au 200 kwa sekunde, na mapigo ya mkia wa samaki mdogo yamo ndani ya eneo hilo.

Kwa hiyo mwendo hufanya kazi mara mbili: mwanzoni kupitia macho, na mwishoni kupitia ngozi. Umbo na rangi vina kazi katikati. Mbunifu anayeanza na brashi ya rangi kabla hajajua chambo chake kitayumba vipi ameanzia mahali pasipofaa.

Samaki mdogo anapoogelea hufanya nini hasa?

Heringi, anchovi na jamaa zao hukaza misuli ya ubavu mmoja kisha wa pili, na mpindo husafiri kama wimbi kutoka kichwani kwenda mkiani huku ukizidi kukua. Kichwa hutikisika kidogo; mkia ndio unaopiga. Upana wa pigo, kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, ni karibu moja ya tano ya urefu wa samaki, na kwa kila pigo kamili husonga mbele kwa takriban asilimia 60 hadi 70 ya urefu wake. Nyuma yake huacha msururu wa visulisuli vya maji vinavyojipanga kwa zamu, kimoja kulia na kimoja kushoto.

Wataalamu wa mwendo wa vimiminika hutumia namba iitwayo ya Strouhal kuueleza uhusiano huu: zidisha idadi ya mapigo kwa sekunde kwa upana wa pigo, kisha gawanya kwa kasi. Kwa samaki anayesafiri kwa ufanisi, jibu huwa kati ya 0.2 na 0.4. Ni hesabu rahisi, na tutaihitaji katika swali linalofuata.

Kuna miendo mingine miwili ambayo mbunifu hapaswi kuisahau. Wa kwanza ni ule wa kupiga mkia mara chache kisha kuteleza bila kupiga. Wa pili ni wa kushtuka: samaki hujikunja mfano wa herufi C, kisha hujifyatua kwenda upande mwingine. Amri ya kushtuka hutoka kwenye jozi ya seli kubwa za neva ziitwazo seli za Mauthner, na tendo zima huisha katika sehemu ndogo sana ya sekunde.

Je, shabaha ni kuiga samaki mwenye afya anayeogelea vizuri?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeingia katika kazi hii alishike kabla ya kushika patasi.

Tuchukue heringi mwenye urefu wa sentimita 15. Mashua inayorambaza, yaani inayokokota mishipi nyuma yake ikiwa mwendoni, mara nyingi huenda kwa kasi ya kama maili 2.5 za baharini kwa saa, ambayo ni karibu mita 1.3 kwa sekunde. Ili heringi huyo aifikie kasi hiyo kwa nguvu zake mwenyewe, itambidi apige mkia karibu mara 13 kila sekunde. Hizo ni mbio za kuokoa maisha, si mwendo wa kusafiri. Akisafiri kwa utulivu huenda kwa urefu wa mwili wake mara moja au mbili kwa sekunde, na mkia hupiga mara mbili au tatu tu. Sasa tazama kijiko, yaani chambo cha bati la metali lililobonyezwa, cha urefu uleule kikikokotwa kwa kasi ileile na kuyumba mara 5 kwa sekunde kwa upana wa sentimita 3. Namba yake ya Strouhal ni 0.12 hivi, chini kabisa ya eneo la samaki anayejisukuma. Kwa lugha ya maji, kitu hicho kinakwenda mbio bila kuzifanyia kazi.

Tofauti hii haiondoki hata ukiongeza mapigo. Samaki anayejisukuma hurusha maji nyuma yake, na visulisuli vyake huzunguka kwa mwelekeo unaoonyesha hivyo. Kitu kinachovutwa na uzi huyaburuta maji mbele, na visulisuli vyake huzunguka kinyume. Hakuna mchongo utakaokifanya chambo kinachokokotwa kiache nyuma yake alama ileile ya samaki anayeogelea.

Basi chambo kinafanana na nini? Kinafanana na samaki aliyepoteza utawala wa mwili wake: anayebiringika kidogo akaonyesha tumbo, anayepiga mkia kwa nguvu isiyolingana na safari yake, anayepotea njia na kurudi. Samaki wa namna hiyo katikati ya kundi ndiye anayeonekana kwa urahisi, kwa sababu kundi zima humchanganya mwindaji kwa kufanana kwake, na yule anayetofautiana huuvunja mchanganyiko huo. Udhaifu wa chambo, yaani kushindwa kwake kuiga afya, unageuka kuwa nguvu yake iwapo mbunifu atauelekeza vizuri. Inasemekana kuwa Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, aliuona ukweli huu akiwa juu ya maji, akiwatazama samaki wakubwa wakimfuata mdogo anayeyumba na kuwaacha wengine wote; chambo chake cha kwanza, alichokichonga kwa gome la koki mwaka 1936, kilijengwa juu ya myumbo huo.

Kutokana na hayo natoa kigezo kimoja cha ubunifu: mdundo wa msingi uwe wa kawaida, na mara kwa mara ukatike. Chambo chenye mdundo usiobadilika kabisa ni saa ya ukutani. Chambo kisicho na mdundo wowote ni takataka inayoelea. Chambo bora huenda kwa mpangilio kwa sekunde kadhaa, kikatoka nje ya njia yake, kisha kikajirudisha chenyewe bila kupinduka. Hali hiyo hupatikana pale ambapo chambo kiko karibu sana na ukingo wa kupoteza uthabiti, ndiyo maana ni vigumu kuipata kwa makusudi na ni rahisi kuiharibu kwa tone moja la rangi nzito.

Ni samaki gani wadogo ninaopaswa kuwaiga?

Wale wanaoliwa mahali unapovua. Katika pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kaskazini, heringi wa Pasifiki, Clupea pallasii, ndiye anayetajwa zaidi: ni bapa ubavuni, mwenye fedha inayong'aa, na akiinama kidogo tu hutoa mwako mpana. Anchovi ni mwembamba zaidi na mviringo zaidi. Samaki wa mchangani wa jenasi ya Ammodytes ni mrefu kama penseli, hujizika katika mchanga, na mwili wake hupinda karibu wote anapoogelea, kama mkunga. Huyu wa mwisho haigwi na kijiko kipana hata kikipakwa rangi gani. Anahitaji bapa jembamba lenye myumbo mdogo wa haraka.

Katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini hali ni nyingine. Samoni aina ya coho walipandikizwa katika Ziwa Michigan mwaka 1966 na Chinook mwaka 1967, kwa sehemu ili wampunguze Alosa pseudoharengus, samaki mgeni aliyekuwa ameongezeka kupita kiasi. Samaki huyo ana kina kirefu cha mwili, na vijiko vipana vinavyopendwa huko vina sababu yake.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba si kila samoni ni mlaji mkubwa wa samaki. Chinook na coho ndio wawindaji hasa. Sockeye huchuja viumbe vidogo vya majini kwa miiba mirefu ya matamvua yake, na kumtengenezea heringi bandia ni kazi isiyo na faida kubwa.

Ni nini hukifanya chambo kiyumbe?

Maji yanapokutana na uso ulio bapa au butu hayapiti pande zote mbili kwa usawa. Kisulisuli hujitenga upande mmoja, kanieneo hushuka upande huo, na kichwa cha chambo huvutwa kuelekea huko. Kisha kisulisuli kingine hujitenga upande wa pili, na kichwa hurudi. Uzi unaokivuta mbele na uzito ulio chini ya tumbo huzuia mwendo huo usizidi mpaka chambo kikapinduka. Myumbo basi ni mapatano kati ya nguvu inayokitoa chambo katika mstari na nguvu inayokirudisha.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, mapigo huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, hadi pale nguvu ya kurudisha inaposhindwa na chambo kuanza kuzunguka kama parafujo. Kila chambo kina kasi yake ya chini ambapo huamka na kasi yake ya juu ambapo mwendo wake huvunjika, na kazi ya mbunifu ni kuzitenganisha kasi hizo kwa upana. Pili, mwili mkubwa huyumba polepole na mdogo huyumba haraka, hata vikiwa na umbo moja. Ukikipunguza kwa nusu chambo kinachokupendeza, usitegemee kupata mwendo uleule katika kipimo kidogo.

Nianze na kijiko au na chambo chenye mwili wa samaki?

Anza na kijiko. Ni kipande kimoja cha bati la metali, makosa yake yanaonekana, na unaweza kukikunja upya mara 20 kwa jioni moja. Hataza ya kwanza ya kijiko cha kuvulia nchini Marekani ilitolewa kwa Julio Buel mwaka 1852, na umbo lenyewe halijabadilika sana tangu wakati huo.

Bati jembamba, la kadiri ya milimita 0.7 hivi, hupepea kwa upana hata kwa kasi ndogo. Bati nene huhitaji kasi zaidi na hutoa myumbo wa haraka usio mpana. Kina cha mbonyeo huongeza upana wa myumbo na hushusha kasi inayokifaa chambo. Mbonyeo ukizidi, kijiko huzunguka. Mkunjo wa mfano wa herufi S, ambapo sehemu ya mbele imekunjwa upande mmoja na ya nyuma upande mwingine, ndio ninaoupenda zaidi kwa ajili ya kuigiza heringi, kwa kuwa huruhusu kichwa na mkia kwenda kinyume badala ya bapa zima kugeuka kwa pamoja.

Ulimi wa chambo unapaswa kuinama kiasi gani?

Ulimi, yaani kile kibapa kinachochomoza chini ya kidevu, huamua mambo mawili kwa pamoja: kina na upana wa myumbo. Ukikaribia kulala sambamba na mwili, chambo hupiga mbizi zaidi na huyumba kwa wembamba. Ukisimama kuelekea chini, chambo hubaki juu na huyumba kwa upana. Ulimi mpana hukamata maji mengi na hupunguza idadi ya mapigo; mwembamba huyaharakisha.

Kwa samoni, kina mara nyingi hupatikana kwa njia nyingine, kama chubwi zito au winchi ya kushushia mshipi, kwa hiyo mbunifu ana uhuru wa kuutumia ulimi kwa ajili ya mwendo peke yake. Baadhi ya vyambo vya kale vya samoni havina ulimi kabisa. Uso wao umekatwa kwa mshazari na kubonyezwa kidogo, na uso huo ndio unaofanya kazi.

Uzito wa ndani uwekwe wapi, na kiasi gani?

Chini, na mbele kidogo ya katikati, ndipo pa kuanzia. Uzito uliokaa chini sana humfanya samaki wa bandia asimame wima na asibiringike. Ukiupandisha kidogo, anabiringika zaidi na kuwaka zaidi. Milimita mbili au tatu hutosha kubadilisha tabia nzima. Uzito uliogawanywa kwenye ncha mbili hufanya mwili uwe mzito kugeuka, na mapigo hupungua. Ukikusanywa katikati, mapigo huwa mepesi.

Pima pia kwa maji utakayovulia. Maji ya bahari yana densiti ya karibu gramu 1.025 kwa mililita, na ya mto gramu 1. Chambo kinachohamisha mililita 40 za maji hupata baharini msukumo wa juu wa gramu moja zaidi kuliko mtoni, na gramu moja ni nyingi kwa kitu kilichosawazishwa kibaki pale kilipo.

Risasi ni nzito na ni rahisi kuyeyusha, lakini ni sumu kwa anayeiyeyusha na kwa ndege wa majini wanaoimeza. Bizimuthi, tungsteni na hata mipira midogo ya chuma hufanya kazi hiyo. Kwa tungsteni, ambayo ni nzito kuliko risasi kwa zaidi ya nusu, unapata pia nafasi ya kuuweka uzito wote mahali padogo.

Ni nyenzo gani zinafaa kwa mwili?

Mti wa balsa ni mwepesi mno na huitikia maji kwa haraka, lakini meno ya Chinook hauyavumilii bila koti nene la epoksi, yaani utomvu wa plastiki unaokauka na kuwa mgumu, na koti hilo hupunguza ule wepesi uliotafutwa. Mwerezi ni mzito zaidi, hukatika vizuri, hustahimili maji, na kwa samoni ndio ninaoupendekeza. Plastiki ngumu yenye uwazi ndani hurudufishwa kwa urahisi. Plastiki iliyochapishwa kwa tabaka ina faida ya pekee kwa mbunifu: unaweza kubadilisha kipimo kimoja kwa nusu milimita na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa. Kasoro yake ni kwamba maji hupenya kati ya tabaka, kwa hiyo ifunikwe kwa epoksi kabla ya jaribio lolote la maana, la sivyo utakuwa unapima chambo ambacho uzito wake unabadilika kila dakika.

Baharini, epuka kuunganisha metali za aina tofauti bila kufikiri. Shaba njano na chuma zikigusana katika maji ya chumvi huanzisha ulaji wa kikemia, na pete ndogo inayoshika ndoano ndiyo huliwa mwanzo.

Kwa nini wavuvi wanasifu heringi halisi aliyekatwa kichwa, na mbunifu ajifunze nini hapo?

Katika pwani ya Pasifiki heringi hukatwa kichwa kwa mshazari wa pande mbili, kisha hutiwa ndoano ili azunguke anapokokotwa. Mkato ukiwa mkali, huzunguka kwa haraka na kwa wembamba, na wengi husema coho huupenda mwendo huo. Mkato ukielekea kulala, hubiringika polepole na kwa upana, na huo huandaliwa kwa ajili ya Chinook.

Funzo lake ni kubwa kuliko linavyoonekana. Hakuna heringi aliye hai anayezunguka juu ya mhimili wake kama msumari wa kizibuo, na hata hivyo samoni humshambulia. Kinachoigwa hapo si uogeleaji, bali ni mwako wa ubavu unaotokea na kutoweka kwa mfululizo. Ubavu wa heringi umefunikwa kwa fuwele za guanini zinazofanya kazi kama vioo vidogo. Akikaa wima, vioo hivyo huakisi maji yanayomzunguka, naye karibu atoweke. Akiinama, huakisi mwanga wa juu na kuwaka. Mwako basi ni ishara ya kutokaa wima, na kutokaa wima ni ishara ya udhaifu. Mzunguko wa chambo kilichokatwa unaitoa ishara hiyo kwa wingi.

Bapa la kumulika linalotangulia chambo linabadilisha nini?

Linabadilisha karibu kila kitu. Bapa la urefu wa sentimita 28 hivi huzunguka duara kamili linapokokotwa kwa kasi ya kutosha, na kila linapopita hukivuta chambo kilicho nyuma yake kwa ghafla upande mmoja, kisha likakilegeza. Huo ni mwigo mzuri wa kufyatuka na kuteleza, na ndiyo sababu ngisi wa plastiki, ambaye peke yake hana mwendo wowote wa maana, hufanya kazi akiwa nyuma ya bapa.

Urefu wa uzi kati ya bapa na chambo ndio usukani. Kwa ngisi asiye na mwendo wake, sentimita 60 hadi 100 ni mwanzo mzuri, kwa kuwa mvuto hufika ungali na nguvu. Kwa kijiko chenye myumbo wake mwenyewe, mita 1.2 hadi 1.8 hukiachia nafasi ya kufanya kazi. Uzi mnene husafirisha mvuto vizuri kuliko mwembamba. Usisahau swiveli, yaani viungo vidogo vinavyozunguka, ziwe nzuri zenye gololi, maana uzi uliosokoteka huua mwendo wa chambo chochote.

Rangi ina umuhimu gani?

Ina umuhimu wake, lakini huja baada ya mwendo, ukubwa na kina. Mwanga mwekundu humezwa na maji katika mita chache za mwanzo, na chambo chekundu cha kawaida kilichoshushwa mita 30 ni cheusi. Katika maji ya pwani yenye mimea midogo mingi, kijani ndicho hufika mbali. Rangi za kung'aa kwa floresensi hupokea mwanga wa kijani au wa buluu na kuutoa kwa rangi zao zenyewe, hivyo hudumu mahali ambapo rangi za kawaida zimekufa. Chinook anayevuliwa kwenye kina cha giza hufikiwa na rangi inayohifadhi mwanga.

Kwa mwigo wa heringi, mgongo wa giza, ubavu wa fedha na tumbo jeupe vinatosha. Tofauti kati ya mgongo na tumbo ni muhimu, kwa sababu bila hiyo samoni hawezi kuona kwamba chambo kimebiringika.

Ndoano zinaathiri mwendo?

Zinaathiri sana, na kosa la kawaida ni kuunda chambo bila ndoano, kukipenda, kisha kukitia ndoano mwishoni. Ndoano nzito kwenye mkia ni kama nanga: hupunguza upana wa myumbo na kuinua kichwa. Jaribu chambo kikiwa na ndoano na pete zilezile zitakazotumika. Ndoano moja kubwa inayoning'inia huru husumbua mwendo kidogo kuliko ya ncha tatu, na huwaumiza kidogo samaki watakaorudishwa majini. Soma pia kanuni za mahali. Katika maji ya bahari ya jimbo la British Columbia, Kanada, ndoano za samoni haziruhusiwi kuwa na kijino cha kuzuia.

Nikijaribuje chambo bila kusubiri samaki?

Tafuta maji safi yenye urefu wa mita 10 au zaidi, yawe bwawa la kuogelea au ukingo wa gati. Pima kasi kwa umbali na saa, kisha piga video ya mwendo wa polepole kwa picha 120 au 240 kwa sekunde, ukiwa umechora mistari ya sentimita moja moja kwenye ubao ulio nyuma ya chambo. Hesabu mapigo, pima upana wa pigo kwenye pua na kwenye mkia peke yake, kisha andika kasi ambayo chambo kimeamka na ile ambayo kimevunjika. Mkono na jicho hudanganya. Wengi wetu tukiona myumbo mpana hudhani pia ni wa haraka.

Jaribu pia kukiacha kianguke bila kuvutwa. Bapa linaloanguka majini ama hupepea huku na huku, ama hupinduka mfululizo, na uchaguzi huo hutegemea uzito wake, unene wake na mahali uzito ulipo. Kwa chambo kinachorushwa na kuinuliwa kwa fimbo, kupepea ndiko kunakotakiwa, maana samoni wengi hushika wakati kinapoanguka.

Chambo changu kinaelekea upande mmoja. Nifanye nini?

Kielekeze pua kwako na utazame kinakokwenda. Kikikimbilia kushoto kwako, pinda kidogo sana jicho la kufungia uzi kuelekea kulia kwako, na kinyume chake. Pinda kwa kadiri ambayo huwezi kuiona kwa urahisi, kisha ujaribu tena. Ikiwa mapindo matatu hayakusaidia, tatizo haliko kwenye jicho: ulimi umekaa mshazari au uzito uko nje ya mstari wa katikati, na hapo ni heri kuanza mwili mwingine.

Kwa nini chambo kilekile hufanya vyema siku moja na kushindwa siku nyingine kwa kasi ileile?

Mara nyingi si kasi ileile. Kifaa cha setilaiti hupima mwendo wa mashua juu ya ardhi, ilhali chambo huhisi mwendo wa maji yanayokipita. Mkondo wa kina cha mita 40 unaweza kwenda kinyume na ule wa juu, na chambo kikawa kinalala au kinavunjika bila mvuvi kujua. Mashua inapopiga kona, mishipi ya upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, ya nje huongeza mwendo na kupanda. Mshipi upi umeguswa kwenye kona ni habari ya thamani kuhusu kasi inayotakiwa.

Je, mwigo huu unafaa pia mtoni?

Kwa kiasi kidogo. Samoni anayepanda mto kwenda kutaga huacha kula, iwe wa Pasifiki au wa Atlantiki, na hushambulia chambo kwa sababu nyingine, ambazo wengi huzieleza kuwa ni hasira, kulinda mahali pake au mazoea yaliyobaki. Mtoni ningeunda chambo kinachoelea, chenye uso mpana na umbo lililopinda kama ndizi, ambacho mkondo wenyewe hukizamisha na kukitikisa kwa upana mbele ya samaki aliyetulia.

Harufu nayo?

Osha mikono. Tafiti za miaka ya 1950 zilionyesha kuwa samoni wa Pasifiki wanaosafiri hushtushwa na serini, asidi ya amino inayopatikana katika maji yaliyogusa ngozi ya binadamu na ya wanyama wawindaji.

Nibadilishe mambo mangapi kwa wakati mmoja?

Moja. Tengeneza miili mitatu iliyo sawa, ubadilishe mahali pa uzito katika wa pili na pembe ya ulimi katika wa tatu, na uache wa kwanza bila kuguswa. Andika vipimo kwenye tumbo la kila kimoja kwa wino usiofutika kabla ya koti la mwisho la epoksi, kwa sababu kile kitakachorudi na alama za meno ndicho utakachotaka kukirudia, na alama za meno hazisemi uzito uliwekwa wapi.